Kiwiliwili Kwangu, Taya kwa Shemeji

Jumatatu, 30 Septemba

Msiba! Jiliwa langu, chuma changu cha kubania mbao, limepasuka. Nilikuwa nimebana mkono mmoja wa gari la farasi la Enos Mast, ule mti unaofungwa ubavuni mwa farasi, nikakaza kidogo tu, kidogo kabisa, nikasikia ka! Taya la mbele limechanika kutoka juu mpaka chini. Mke wangu Verna akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimejiponda kidole. Alipoona ni jiliwa akasema alidhani ni jambo la maana, akarudi kwenye nyanya zake.

Jambo la maana! Fundi wa magari ya farasi bila jiliwa atabana kazi yake na nini? Na meno?

Tena si jiliwa lolote. Haya mapya ya dukani mafupi, hayana shingo. Ukibana mkono wa gari uliopindwa, ncha inagota mezani, na ubao unabonyea. Linalotakiwa ni lile la mafundi wa zamani wa magari, refu, mataya yamenyanyuka juu ya meza, mtu unaizunguka kazi yako pande zote bila kuvunja mgongo. Lakini hayatengenezwi tena. Machache yaliyobaki wananunua watu wa motokaa kutoka mjini, wanaweka balbu juu, wanayageuza taa za sebuleni. Taa! Nikifikiria napata kizunguzungu.

Verna amesema gari la Enos lisipokwisha kabla ya harusi ya binti yake, nifunge karakana nikaombe kazi kwa kaka yake. Kaka yake ni Roman Nisley. Shemeji yangu huyo. Naye anatengeneza magari, ila yeye ana karakana kubwa, ana vibarua, ana dirisha la kioo linalotazama barabara ili watu wamwone anavyofanya kazi. Mimi niwe kibarua wa Roman! Bora nifuge sungura.

Lakini nina bahati. Mzee Emanuel Burkholder, aliyenifundisha ufundi huu, anahamia nyumba ndogo kwa mwanawe, na vitu vyake vinapigwa mnada Jumamosi. Mzee Emanuel ana jiliwa. Lile lenyewe hasa. Nitalipata! Nimeapa. Hapana, sisi Waamishi hatuapi. Nimesema kwa sauti kubwa.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimekwenda kwa mzee Emanuel, eti kumsaidia kupanga vitu vya mnada. Nikamkuta Roman. Eti naye amekuja kumsaidia kupanga vitu vya mnada. Amekuja na pai ya maboga aliyooka mkewe, Wilma. Mimi nimekwenda mikono mitupu. Mzee alikuwa anakula pai huku anamwita Roman mwanangu. Mwanangu! Na mimi niliyemfagilia karakana miaka yote ile?

Jiliwa liko pale pale, meza ya dirishani. Nimelipapasa. Parafujo inazunguka kwa kidole kimoja na haitoi sauti. Roman naye akaja kulipapasa. Tukawa tunalipapasa wote wawili huku tunaongea habari za mahindi. Nikamwuliza, kama utani hivi, kama na yeye analitaka. Akasema aa wapi, shemeji, mimi nimekuja kwa ajili ya ndoo. Ndoo! Mtu hapimi taya kwa viganja kwa ajili ya ndoo.

Nikaona nimwambie mzee, Roman akisikia, kwamba jiliwa hili limechoka na sidhani kama litapata mnunuzi. Mzee hasikii vizuri. Akanijibu kuwa pai imezidi mdalasini, lakini ataimaliza.

Jumatano, 2 Oktoba

Siku ya mipango.

Mpango wa kwanza: nimwambie Roman mnada umesogezwa mpaka wiki ijayo. Nimekwenda, nimemwambia. Akasema ajabu sana, maana hema la mnada ni lake na anakwenda kulisimamisha Ijumaa. Nikasema labda nimesikia vibaya. Akasema labda.

Mpango wa pili si mpango, ni maneno ya Verna. Eti kwa nini nisimwombe tu mzee Emanuel? Eti ndiye aliyenifundisha, ananipenda, nimweleze shida yangu. Nilicheka. Verna hajui biashara. Ukimwomba mtu kitu, si atajua kwamba unakitaka?

Mpango wa tatu umenijia nikimkamua ng'ombe. Nilisimama ghafla, maziwa yote chini. Jiliwa lisilo na taya la mbele ni kitu gani? Ni chuma tu. Na chuma tu nani atakigombania? Basi nitafungua taya la mbele niliweke mahali. Jumamosi nanunua kiwiliwili kwa bei ya misumari, Roman anashika ndoo yake, halafu taya na kiwiliwili vinakutana nyumbani kwangu. Tena huu si wizi. Wizi ni kuchukua. Mimi nahamisha, na nahamisha ndani ya uwanja wa mzee mwenyewe. Nimelipima jambo hili na dhamiri yangu kwa makini, na dhamiri imekubali haraka sana.

Alhamisi, 3 Oktoba

Imefanyika!

Safari hii nilikwenda na pai, ya molasi, ya Verna. Mzee akazama kwenye pai. Mkewe Mattie alikuwa bustanini. Mimi nikazama karakana. Nikazungusha, nikazungusha, parafujo ikatoka yote, taya likaniangukia mikononi. Jamani, uzito! Nikalipakia kwenye toroli, nikalifunika kabichi nilizozikuta mlangoni.

Mahali pa kuliweka nilishapaona. Sisi hatuna jengo la kanisa. Ibada inazunguka nyumba kwa nyumba, Jumapili moja ndiyo na inayofuata hapana, na mabenchi yanazunguka nayo ndani ya gari refu la kijivu. Jumapili iliyopita tulisali kwa mzee Emanuel, kwa hiyo gari la mabenchi bado liko kwake, nyuma ya zizi. Halihami mpaka wiki ya ibada inayofuata. Siku zote ndivyo ilivyo. Sasa nani atapekua mabenchi ya kanisa? Nimelisukumiza taya mpaka ndani kabisa, nyuma ya sanduku la vitabu vya nyimbo. Akili hii nimepewa mimi peke yangu katika ukoo.

Natoka na toroli, uso kwa uso na Mattie. Akauliza nafanya nini na kabichi zake. Jasho linanitiririka. Nikasema nazitembeza kidogo zipate hewa. Akanitazama sana. Kisha akasema Mahlon mwanangu, kama una shida ya chakula nyumbani ungesema tu. Amenipa kabichi zote. Na nyingine juu yake.

Verna anauliza tutazifanya nini kabichi zote hizi. Nimemwambia ashukuru.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwisha.

Nilipita kwa mzee Emanuel kuhakikisha tu. Nyuma ya zizi hapana gari! Pana alama za magurudumu kwenye matope. Nikalizunguka zizi lote, eti huenda nimekosea upande. Nikalizunguka tena. Mattie akanikuta nazunguka, akanieleza kwa furaha kabisa kwamba uwanja ulihitaji nafasi kwa ajili ya mnada, ndipo Roman akajitolea kulivuta gari mapema kwa farasi wake. Kwani ibada inayofuata si kwake? Mtu mwema sana Roman, akasema.

Nilijua ibada inayofuata ni kwa Roman. Kila mtu anajua. Nilikuwa najua jinsi mtu anavyojua kwamba siku moja atakufa, yaani sikuwa nalifikiria kabisa.

Mbio mpaka kwa Roman. Gari la mabenchi limo ndani ya banda, banda limefungwa kufuli kwa sababu ya mbuzi. Wilma akasema mabenchi yanashushwa Jumanne, na kama nataka kusaidia nakaribishwa. Nikasema nataka, hata hajamaliza. Akashangaa. Akasema safari iliyopita walinitafuta kushusha mabenchi nikaugua mgongo. Nikasema mgongo umepona. Akasema ashukuriwe Mungu.

Haya. Bado sijashindwa. Taya limelala salama na hakuna anayejua. Kesho nanunua kiwiliwili, Jumanne natoka na taya.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mnada. Matope, donati, magari ya farasi yamepangana mpaka barabarani. Mzee Emanuel anapita kwa kila mtu kuuliza nani ameona taya la jiliwa lake. Uso umemshuka. Wote tukaanza kutafuta. Mimi nilitafuta kuliko wote, nilipekua mpaka ndani ya mapipa ya shayiri. Roman akasema tangu nimwoe dada yake hajapata kuniona na bidii namna hii. Mzee akanishika mkono akanishukuru. Hapo roho iliniuma. Nikaenda kununua donati.

Kiwiliwili kikapandishwa mezani. Mnadi akasema mnaloliona hapa ni jiliwa, au lilikuwa. Watu wakacheka. Raha iliyoje! Nikainua kidole, bei ya misumari, kama nilivyopanga. Hakuna mwingine. Mnadi akaanza kuifunga bei. Na hapo jamaa mmoja wa motokaa, kaptula siku ya baridi, akainua kofia yake.

Nikapandisha. Akapandisha. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwa upendo kwamba kitu hiki kibovu, hakina taya. Akasema ndivyo anavyokitaka, atakiwekea chungu cha maua juu yake. Akauliza kama ni kweli sisi Waamishi bado tunayatumia haya majiliwa. Nikasema hapana, hata hatuyajui. Akauliza basi mbona napandisha bei. Nikarudi mahali pangu.

Tukapanda, tukapanda. Fedha ya mbao za majira ya baridi niliiaga moyoni. Mwisho jamaa akatikisa kichwa, akaacha. Nimeshinda! Mnadi anavuta pumzi aseme imekwenda, nyigu mmoja aliyelewa juisi ya tufaha akanijia puani. Nikampiga. Mnadi akanishukuru, akapandisha bei. Nikapunga mikono yote miwili kumwonyesha kwamba ni nyigu. Akanishukuru kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nashindana na nani? Na mimi mwenyewe! Nikaiweka mikono mfukoni, nyigu akaniuma sikio, nikavumilia mpaka mwisho.

Roman akaja kunipa mkono. Hongera, shemeji, akasema, umenunua nusu jiliwa kwa bei ya majiliwa mawili. Yeye amenunua ndoo. Kumbe kweli alikuja kwa ajili ya ndoo! Sasa nimebaki sielewi.

Verna aliuliza jiliwa liko wapi. Nikasema lile pale. Akalitazama mbele na nyuma, akauliza na lililobaki? Nikasema liko njiani.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilifika kwa Roman kabla jogoo hajawika. Roman alikuwa keshaanza. Na badala ya kuanzia mlango wa mbele kama watu wote, kafungua mlango mdogo wa nyuma wa gari, ule usiofunguliwa na mtu. Nikamsikia anaita, shemeji, hebu njoo uone!

Amelipakata taya kama mtoto mchanga.

Nikajifanya hamnazo. Nikauliza hicho nini, cha jembe? Akasema hili si taya la mzee Emanuel? Limepandaje gari la mabenchi? Nikasema panya. Limenitoka hivyo hivyo. Panya! Roman akalipimapima uzito mikononi, akanitazama, akasema basi panya wa kwa mzee Emanuel wanakula wanashiba.

Nikasema sawa, kwa kuwa kiwiliwili ni changu, nipe nilibebe nikupunguzie mzigo. Akasema hawezi. Si lake, si langu, limekutwa ndani ya mali ya kanisa, kwa hiyo Jumapili atalitangaza mbele ya kanisa ajulikane mwenyewe. Mbele ya kanisa! Tena Jumapili ya kikao cha amani, kila mtu akihojiwa na askofu! Nilimsihi tusiwasumbue watu kwa kachuma kadogo. Akasema kachuma kadogo basi nikainue kwa mkono mmoja. Sikuweza.

Halafu, mkavu kabisa, akauliza kama nauza kiwiliwili, maana kikipata taya kitamfaa. Na kama siuzi, akasema, Verna ameshaongea naye, kwenye karakana yake nafasi haikosekani. Ameshaongea naye! Damu yangu mwenyewe! Yaani, damu yake, lakini amelala kwangu miaka yote hii.

Kwa sasa taya amelisimamisha mlangoni pa karakana yake, lizuie mlango usijifunge kwa upepo. Kitu kile! Kazi ile!

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku zimebaki chache na kichwa kinachemka.

Nimefikiri hivi: Roman analihitaji taya kwa sababu ya mlango. Akipata kitu bora cha kuzuia mlango, taya halina kazi, atanipa aondokane nalo. Nikashuka mtoni nikachagua jiwe. Jiwe zuri sana, la duara, la buluu kidogo, zito kuliko taya. Nimelibeba mpaka kwa Roman nikampa Wilma, zawadi ya ibada. Wilma aliguswa. Akalipangusa kwa aproni yake, akaliweka mlangoni, kando ya taya. Sasa mlango wa Roman umezuiwa na vitu viwili na mimi siwezi kukaa.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Enos Mast ananisubiri. Akataka kuona mikono ya gari lake. Nikamwonyesha ninavyofanya siku hizi: nakaa chini, naubana ubao kwa magoti, nakwangua. Ubao ukachomoka, ukampiga paja. Enos ni mtu wa maneno machache. Akachechemea mpaka nje, akasimama, akatazama upande wa kwa Roman, akatazama muda mrefu.

Verna naye alimwona anavyotazama. Amenifungashia suruali ya kazi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema hakuna sababu.

Jumapili, 13 Oktoba

Lazima niandike haya yote.

Kikao cha amani huwa kabla ya Meza ya Bwana. Askofu anamuuliza mmoja mmoja kama ana amani na Mungu na wenzake. Mmoja akikosa amani, Meza ya Bwana inasimama, kanisa zima linamsubiri yeye. Mimi jibu langu nilikuwa nimeliandaa tangu Ijumaa. "Ndiyo." Nasimama, ndiyo, nakaa.

Roman alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Askofu Ferdinand alipomfikia, Roman akasema anayo amani, ila kuna kitu kisicho chake nyumbani mwake, taya la jiliwa, limekutwa ndani ya gari la mabenchi, na anaomba mwenyewe ajitokeze ili moyo wake utulie.

Mzee Emanuel hajasikia mahubiri yoyote tangu nimfahamu. Hili alilisikia! Akasimama juu, akasema kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe kwamba taya ni lake. Akasema jiliwa lile halikuwa la mnada kabisa. Alikuwa ameliweka kando ampe Mahlon, bure, mwanafunzi wake wa pekee aliyebaki na ufundi, alitaka kumkabidhi siku ya mnada asubuhi mbele ya watu. Ila alipokuta taya limepotea akaona haya kumpa Mahlon kitu kilema. Ndiyo maana akalitupia mnadani. Akakaa.

Bure! Bure! Machozi yakanilenga. Si ya toba, humu hasomi mtu, naweza kusema ukweli. Yalikuwa ya ile bei. Na ya nyigu.

Nikafikiwa. Askofu akauliza kama nina amani na watu wote. Nikasema ndiyo. Akauliza, na taya? Nikasema na taya pia nina amani nalo. Akauliza kama najua lilivyopanda garini. Panya walinijia ulimini, nikawameza. Nikasema yawezekana lilisaidiwa. Akauliza lilisaidiwa na nani. Nikasema na mtu aliyelipenda kuliko watu wote. Upande wa wanawake mabenchi yakaanza kutikisika, na nikamsikia Mattie anasema kwa pumzi, kabichi! Nikasema ni mimi.

Askofu alishika ndevu zake kwa mkono mzima, akafunika mdomo. Nadhani alikuwa anabana kicheko, ingawa sina ushahidi. Akanipeleka kwa mzee Emanuel nimwombe radhi. Nikamwomba. Mzee akauliza nimesema nini. Nikaomba tena kwa sauti. Akasema hajasikia. Nikapiga kelele mbele ya kanisa zima, mbwa wa Roman wakajibu. Hapo mzee akanikumbatia, na nilipomtazama machoni nikaona alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.

Kisha mzee akasema taya halikuuzwa Jumamosi, kwa hiyo bado ni lake, na anampa Roman kwa uaminifu wake. Kiwiliwili ni changu, nimekilipia, na kila mtu aliona nilivyokilipia. Askofu akasema vizuri, Meza ya Bwana itakuwepo, lakini siku hiyo asione taya mahali na kiwiliwili mahali pengine. Mahali pa kuviunganisha akatuachia mimi na shemeji tuelewane wenyewe, kama ndugu.

Hatukuelewana sisi. Wakati wa chakula, mimi niko kwenye mkate na achari, Verna na Wilma walielewana jikoni. Nilipofika kwenye kahawa mambo yalikuwa yamekwisha. Jiliwa linafungwa kwa Roman, meza yake ndiyo imara. Na mimi naanza kazi kesho. Kwa Roman. Na gari la Enos linakuja nami.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kibarua. Mimi.

Roman alinikaribisha mlangoni kwa sauti ya juu, karibu fundi wangu. Wangu! Akanipa kiti karibu na dirisha la kioo. Watu wanaopita barabarani wananipungia mkono. Asubuhi nzima nimepungiwa mkono.

Lakini lazima niseme jambo. Tulikiweka kiwiliwili mezani, Roman akashika taya, mimi nikaingiza parafujo, ikaingia bila kusukumwa. Nikabana mkono wa gari la Enos. Ukasimama wima juu ya meza, mataya yameushika shingoni, haujatikisika, haujabonyea, nami nikauzunguka na kikwangulio kutoka pande zote, bila kuinama, bila kutumia magoti. Mkono wa kwanza nikaumaliza kabla ya chai, wa pili kabla ya chakula. Roman akaja kando yangu, akaupapasa ubao toka ncha hadi ncha. Halafu akasema taratibu, shemeji, kumbe chuma hiki ndicho ulichokuwa unakililia. Nikasema ndicho. Akasema ungenieleza ningekusaidia kukipata. Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikachukua ufagio nikafagia maranda.

Enos amekuja kuona. Ametabasamu. Kisha akamshukuru Roman.

Jumatano, 16 Oktoba

Habari kubwa! Nimezaliwa upya!

Leo amekuja mtu kutoka ng'ambo ya mto kurekebishiwa gurudumu. Akaliona jiliwa, akasema, hivi hivi, kama mtu anayeongelea mvua, kwamba mjane Saloma Kauffman analo kama hilo hilo, zima, mataya yote mawili, ndani ya banda la kuku. Kuku wanalala juu yake. Roman alikuwa nje, hakusikia neno.

Basi natoka utumwani! Nalinunua kwa siri, nalipeleka kwangu, naaga dirisha la kioo. Verna ameuliza kwa nini nisiende tu kwa mjane mchana, nibishe hodi, nimwombe. Nikamwambia hajui biashara. Nimeshapanga. Nitakwenda kama mnunuzi wa kuku. Nitanunua kuku wote, na banda lao, na yeye hatagundua kilichomo.

Nimeelewa kosa langu la zamani. Kosa lilikuwa kumficha Roman mambo. Mtu ukimficha anakutilia shaka. Tena jiliwa ni zito, na kuku ni wengi, nahitaji gari kubwa na mtu mwenye nguvu. Kwa hiyo leo jioni nimemweleza Roman kila kitu, jina la mjane, njia ya kufika, banda liko upande gani wa nyumba. Amenisikiliza kwa upole wa ajabu. Amekubali kunisaidia. Amesema tena kwamba kesho mimi nibaki nimalize gari la Enos, yeye atatangulia na lile gari lake kubwa, alfajiri, aangalie tu kama daraja linapitika.

Nimemsimulia Verna wema wa kaka yake. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Muda mrefu sijamwona na furaha kiasi hicho.